Mke Mwenza wa Ghorofani

Kama kuna kitu Chiriku alikiogopa kuliko vyote katika nyumba ya wakwe zake, ni kimya cha mezani. Jina hilo la Chiriku alipewa na shangazi yake akiwa bado hajang'oa meno ya utoto, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na lilimfuata hadi ugenini kama mkia unavyomfuata mbuzi. Sasa hebu mfikirie chiriku huyo ndani ya nyumba ambamo watu hula kama wanaofanya mtihani: vichwa chini, kila mtu na sahani yake, na anayetaka chumvi hunyoosha mkono badala ya kusema.

Alikwenda nchi ile kushona katika kiwanda cha nguo. Hapo ndipo alipokutana na mumewe, ambaye alikuwa akija kiwandani kununua mabaki ya vitambaa kwa ajili ya duka la mapazia la mama yake. Ungemuuliza kijana yule swali leo, jibu ungelipata kesho baada ya chai. Shangazi alipozungumza naye kwenye simu mara ya kwanza, akimtumia Chiriku kama mkalimani, alimuuliza hali, akasubiri, akasubiri tena, mpaka akadhani laini imekatika.

"Wewe mtoto," akasema, "huyu umemtoa wapi, bwana taratibu huyu?"

Jina likamganda. Hata Chiriku mwenyewe akawa anamwita Taratibu, naye akilitamka kwa lafudhi yake ya huko alilipenda, akidhani ni cheo.

Mama mkwe hakuikataa ndoa wala hakuishangilia. Alisema "sawa," na kwa neno hilo moja watu wakaoana. Alikuwa mjane, mnyoofu kama rula, na kutwa nzima alishikilia pini kwa midomo yake akipima marinda ya mapazia. Hata pini zikitoka, midomo haikufunguka kwa urahisi. Duka na karakana vilikuwa chini. Ghorofa ya kwanza alikaa yeye, na kilikuwepo chumba cha mama yake mzazi, Bibi. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati, ndipo alipowapa maharusi chumba. Chiriku aliacha kiwanda, akakaa kwenye cherehani ya pili ya karakana, na kazi hakuwa na wasiwasi nayo. Tatizo lilikuwa baada ya kazi, saa ya kula.

Bibi mwenyewe hakuwa amemwona bado. Alikuwa ameanguka ngazini, akavunjika nyonga, na wakati wa harusi yote alikuwa katika hospitali ya mji mwingine, akifundishwa kutembea upya kama mtoto. Chiriku alimsubiri kwa hamu kubwa. Mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, hilo alilielewa na wala halikumuumiza sana. Lakini bibi! Nyumba yenye bibi haiwezi kuwa na kimya, alijiambia. Akifika bibi, nitapata mtu wangu.

Na alikuwa na sababu nyingine. Alikuwa mjamzito. Aliyejua ni Taratibu tu, naye siri aliitunza bila shida yoyote, maana kusema kwenyewe ilikuwa kazi. Wakakubaliana kwamba habari itatangazwa usiku wa kumkaribisha Bibi, mezani, mbele ya wote.

Siku ikafika. Bibi aliletwa, akateremshwa garini, akaketishwa kichwa cha meza na blanketi magotini. Alikuwa mdogo kuliko alivyodhaniwa, macho yake maangavu, na mikono yake mikubwa ya mtu aliyeshika mkasi miaka mingi. Wote wakamzungumzia kwa sauti ya chini, kama anayelala. Mama mkwe alimkatia chakula vipande vidogo. Mtu akiburuta kiti, alikaripiwa kwa jicho. Na Bibi akala, macho kwenye sahani, hana wa kusema naye.

Chiriku akaona haya si maisha. Mtu katoka hospitali mzima, na nyumba imenuna kama imefiwa!

Wewe na mimi tunajua bibi na mjukuu ni nini. Ni watani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" tangu yuko kwenye nepi, na siku mjukuu huyo akileta mke nyumbani, bibi humpokea kwa ugomvi wa uongo: kaniletea mwenzangu, kanikimbia kwa kuwa nimezeeka, haya tugawane zamu. Na bibi harusi mwenye akili hujibu hapo hapo. Ndivyo mgeni anavyoambiwa kwamba ameingia ndani ya ukoo. Asiyetaniwa ndiye mwenye kesi.

Basi Chiriku akaona labda Bibi anaona haya kuanza, acha aanze yeye. Akaweka uma chini, akajaza kifua pumzi. Neno la "mke mwenza" katika lugha ya pale halikuwepo, kwa hiyo alilijenga kwa matofali aliyokuwa nayo, polepole, sauti ya juu, ili hata jirani asikie.

"Kwa hiyo Bibi, wewe ndiye mke mwingine wa mume wangu! Mimi nimekaa naye peke yangu siku zote hizi, sasa umerudi. Haya, sema: leo mume wetu analala kwa nani?"

Akacheka. Akacheka peke yake.

Kijiko cha mama mkwe kilianguka ndani ya bakuli, mchuzi ukaruka hadi kwenye kitambaa cha meza, na hakuna aliyeufuta. Taratibu, ambaye hakuwahi kufanya jambo haraka, aligeuka haraka akamshika mkewe mkono. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kinamtetemeka, mabega yanamtetemeka, na kitambaa cha mkono amekibana mdomoni.

"Amechoka," mama mkwe akasema akisimama. "Mpelekeni juu."

Wakambeba Bibi na kiti chake, Taratibu mbele, jirani aliyeitwa kusaidia nyuma. Habari ya ujauzito ikabaki pale pale tumboni ilipokuwa.

Chumbani Taratibu aliketi ukingoni mwa kitanda, akaangalia viatu vyake muda mrefu. Safari hii Chiriku hakumharakisha.

"Babu yangu," akasema hatimaye, "alikuwa na mwanamke mwingine. Mtaa wa nyuma, nyumba yenye mlango wa vioo. Miaka mingi. Wote walijua. Hakuna aliyewahi kulisema humu ndani. Hata siku moja. Mama alikuwa mtoto, yeye ndiye alikuwa akitumwa kwenda kumwita baba yake aje kula."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na yeye alikuwa amejikwaa ulimi wote, hadi kooni. Katika maneno yote yaliyoko duniani, alikuwa amekwenda kuchagua hilo, tena akalijenga mwenyewe kwa jasho lake, akamwekea mama mzee mezani siku ya kurudi kwake. Alilia mpaka mto ukalowa. Taratibu alimpapasa mgongo, akimwambia hukujua, hukujua. Kweli hakujua. Lakini mguu uliokanyagwa hauulizi kama ulikanyagwa kwa makusudi.

Asubuhi mama mkwe alitoa pini mdomoni, zote, akazichomeka kwenye kijimto alichofunga mkononi. Hapo Chiriku alijua hukumu imefika.

"Mtatafuta pa kukaa. Mwisho wa mwezi," akasema. "Mwanangu ataendelea na kazi hapa. Wewe utarudi kiwandani, au popote. Na ghorofa ya kwanza upite, usisimame. Mama yangu hataki fujo."

"Mama, naomba unisamehe. Kwetu ule ni utani, sikuwa na..."

Na kwa kuwa maneno yalimwishia, alifanya alilofundishwa tangu utotoni: akapiga magoti, pale pale kati ya mabaki ya bitana na nyuzi. Mama mkwe alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Inuka! Unafanya nini? Kuna pini sakafuni!"

Pini zilikuwepo kweli. Moja ilimwingia gotini, na hata huruma hakupata.

Akampigia shangazi simu, akamweleza kila kitu. Shangazi akasema:

"Sasa kosa liko wapi? Ulimtania bibi wa mumeo siku ya kwanza. Ulitaka umtanie lini, siku ya mazishi?"

"Shangazi, mume wake alikuwa na mwanamke nje!"

"Basi ndiyo atakuwa amezoea." Kisha sauti ikapungua ukali. "Sikiliza mwanangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Vumilia. Lakini nikuulize: huyo bibi mwenyewe alisema nini?"

Chiriku akairudia ile meza kichwani. Bibi hakusema kitu. Wote walikuwa wamemsemea.

Siku zikaanza kwenda. Walitafuta chumba, wakapata kimoja, nyuma ya gereji, chenye ukuta unaotoa maji na dirisha linalotazama ukuta mwingine. Mwenye nyumba aliwasha taa mchana ili wakione. Chiriku alisimama katikati akajaribu kuwaza beseni la kuogeshea mtoto litakaa wapi, na nani atakuja kumshika mtoto huyo siku ya kwanza, na kwa kweli moyo ulimuuma. Hakuvuka mipaka yote ile ili mtoto wake azaliwe hana ukoo, akiwa na ukoo mzima mitaa michache kutoka hapo. Taratibu alimshika bega, akasema chumba kitapakwa rangi. Chiriku hakujibu, na siku Chiriku asipojibu, jua kuna jambo.

Karakanani, kumbe, kulikuwa na jambo jingine. Chumba cha Bibi kilikuwa juu ya cherehani zao, na Bibi akawa anagonga sakafu kwa fimbo yake. Du, du, du. Mama mkwe hupanda, hukaa kidogo, hushuka uso umemwiva. Baada ya muda, tena: du, du, du.

"Anataka nini?" Taratibu aliuliza siku moja.

"Maji," mama yake akajibu, na bilauri aliyoshuka nayo ilikuwa imejaa pomoni.

Chiriku aliona ile bilauri. Akaanza kupiga hesabu moyoni kwamba mwanamke anayegonga sakafu kwa nguvu vile si mgonjwa wa kunong'onezewa. Akipita ghorofa ya kwanza jioni, alitembea kwa kunyata, hasimami, kama alivyoamriwa. Jioni moja mlango wa Bibi ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake fimbo ilikuwa ikitembea sakafuni: inagonga, inapumzika, inagonga. Bibi alikuwa akijifunza safari.

Wiki ya mwisho ya mwezi walikuwa na kazi kubwa, mapazia ya mahameli ya ukumbi wa mikutano, mazito hata kuyanyanyua ni mieleka. Pazia la namna hiyo hulipindi mezani ukajidanganya. Unalitundika kwanza, unaliacha lijivute kwa uzito wake, ndipo unatafuta pindo. Karakana yao ilikuwa na reli ya juu kwa kazi hiyo tu. Taratibu alikuwa kwenye ngazi ya mbao akiingiza kulabu. Chiriku alikuwa chini, magotini tena, anabana pindo kwa pini. Mama mkwe alisimama mbali, jicho moja amelifumba.

"Chini kidogo. Liguse sakafu, lisiikalie," akasema. "Pazia lisilofika chini ni aibu ya fundi."

Hapo ndipo wakasikia. Du. Lakini haikuwa juu ya vichwa vyao. Ilikuwa kwenye ngazi za ghorofani.

Wakageuka wote. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi, na kwanza iliingia fimbo, kisha miguu miwili yenye soksi za sufu, kisha Bibi mzima, ameketi. Alikuwa anashuka kwa makalio, kidato baada ya kidato, kama wanavyoshuka watoto wadogo, fimbo ikitangulia kupima. Gauni la kulalia lilikuwa limejaa vumbi la ngazi yote. Uso ulikuwa umelowa jasho, na macho yanawaka.

"Mama!" mama mkwe akapiga kelele, pini zikamtawanyika. "Utajiua! Nani kakwambia ushuke?"

"Nani kakwambia nisishuke?" Bibi akasema. Akafika kidato cha mwisho, akavuta pumzi, akakaa pale pale kama aliye kwenye kiti cha enzi. "Kila siku nagonga. Kila siku nakwambia, niitie yule mke mwingine wa mume wangu. Nawe unaniletea maji. Maji! Nimekunywa maji mpaka naelea. Yuko wapi?"

Chiriku alikuwa nyuma ya mahameli, ameshika pindo, hajui afiche uso wapi.

"Niko hapa, Bibi."

"Toka nikuone. Nimekuja tugombane."

Akatoka. Bibi alimtazama kutoka utosini hadi miguuni, mtazamo wa mteja mgumu.

"Uliuliza swali mezani, ukaondolewa kabla sijajibu. Au niliondolewa mimi, sijui. Sasa jibu ni hili: leo analala kwako, kwa sababu anakoroma, nimemsikia kupitia dari. Lakini mchana ni wangu. Awe anakuja kunisalimia. Na aje na kitu mkononi."

Chiriku akajua kwamba huu si wakati wa kulia. Shangazi asingemsamehe. Akaweka mikono kiunoni.

"Mchana wote? Na mimi nibaki na makoromo? Zamu gani hiyo ya dhuluma? Wewe umemla ujana wake wote, sasa unataka na mchana!"

Bibi akacheka. Mabega yakatetemeka, kidevu kikatetemeka, kitambaa kikaenda mdomoni, na Chiriku akaelewa kitu ambacho kutokijua nusura kumuue kwa majuto mwezi mzima. Usiku ule mezani Bibi hakuwa analia.

Juu ya ngazi yake ya mbao Taratibu alikuwa ameduwaa, kulabu mkononi. Lakini mama mkwe alikuwa hacheki. Alikuwa amejaa machozi, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya msichana mdogo.

"Unachekaje neno hilo, Mama? Nimelificha maisha yangu yote usilisikie. Nilikuwa nafunga madirisha watu wasije wakalisema."

Bibi akashusha kitambaa. Akamnyooshea mkono, na mama mkwe, rula yote ile, akaenda akakaa kidato cha ngazi kando yake.

"Ndiyo maana nashuka," Bibi akasema. "Nyie mlinyamaza kwa huruma, najua. Lakini kila nikiingia mahali, midomo inafungwa. Mkanifunika kama kochi la wageni. Huyu msichana ndiye wa kwanza kunitamkia usoni, na akanicheka, na paa halikuanguka." Akamtazama mwanawe. "Unadhani sikujua? Alikuja hapa dukani, yule mwanamke. Akasimama hapo ulipokuwa umesimama. Akaagiza pazia la mlango wake wa vioo."

"Ukamfukuza," mama mkwe akasema.

"Nikampima. Mteja ni mteja. Nikamshonea kitambaa kizuri, marinda yamekaa sawasawa. Ila nikalikata fupi." Akaonyesha kwa vidole vyake vikubwa, shubiri nzima. "Makusudi. Ili mtaa wote ukipita uone nani amesimama nyuma yake."

Mama mkwe akageuza shingo polepole.

"Viatu," akasema.

"Viatu gani?"

"Ulikuwa unanituma kumwita. Yule mama anafungua dirisha, ananiambia hayupo. Na mimi nilikuwa naona viatu vya baba chini ya pazia. Kila siku. Nikirudi nakwambia hayupo. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua."

Bibi akashika kifua. Hilo hakulijua, na uso wake wote ulilegea.

"Mwanangu. Nililikata mtaa umwone. Sikufikiri atakayemwona ni wewe."

Pazia la mahameli lilijitikisa kidogo na kutulia. Chiriku aliona kwamba jambo hili sasa linaweza kuangukia upande wowote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliutia mdomo kufuli.

Ni mama mkwe aliyesema, akitazama sakafu kama bado anaviona viatu vile.

"Mara nyingine alikuwa hana viatu. Soksi tu. Zimetoboka, kidole gumba kiko nje."

"Nilikataa kuzishona!" Bibi akamaka. "Nilimwambia, anayekuvua ndiye azishone!"

Mama mkwe alitoa sauti ambayo haikuwahi kusikika katika nyumba ile. Ilianza kama kwikwi, ikapanda, ikapasuka, na ndipo wakajua ni kicheko. Bibi akaipokea. Wakashikana mabega pale ngazini, mama na mwana, wanacheka na kulia, mmoja akipumzika mwingine anasema "kidole gumba" na wanaanza upya. Chiriku alicheka mpaka akashika ukuta. Na Taratibu, naapa, alicheka sekunde chache tu baada ya wengine, jambo ambalo kwake ni mbio.

Walipochoka, Bibi akajifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Nasikia kuna mtu anahama."

Mama mkwe akatazama mikono yake. "Nilisema mimi. Nilisema vibaya," akajibu. Kisha akamgeukia Chiriku, na maneno yakamtoka moja moja, kama pini. "Usihame. Naomba. Nyumba hii ilikuwa inatusikiliza tu. Afadhali imepata wa kuisemesha."

Chiriku hakujua afanye nini, na kupiga magoti alishakatazwa. Akasema tu: "Ahsante, Mama. Na kuna jambo nilitaka kulisema usiku ule, kabla sijaharibu." Akaweka kiganja tumboni.

Bibi alipiga fimbo sakafuni mara moja, du, kama hakimu. Taratibu alishuka kwenye ngazi yake ya mbao na kuja kusimama upande wa mkewe, akitabasamu mpaka masikioni. Mama mkwe alisimama. Alitazama tumbo lile, akamtazama Bibi, akamtazama Chiriku, na juu ya uso wake mnyoofu kulikuwa na kitu kinachofanana na wivu.

"Na mimi katika utani huu wenu niko wapi?" akauliza. "Mbona mimi hunitanii?"

"Wewe?" Chiriku akashtuka. "Wewe ni mama mkwe! Hutaniwi. Nikikutania wewe, shangazi yangu atapanda ndege aje kunikata ulimi."

"Kwa hiyo watu wote watacheka humu ndani, isipokuwa mimi."

Alilisema kwa unyonge hasa. Chiriku akamshika mkono, mkono wenye matundu ya pini, akauleta taratibu hadi tumboni pake. Haukukataa.

"Wako yuko njiani, Mama. Mtani wako ni huyu hapa. Akiwa wa kiume, ni mume wako. Utamwita hivyo tangu siku ya kwanza."

"Na akiwa wa kike?"

Chiriku akasita. Neno lilikuwa pale pale ulimini, na alijua linakokwenda. Akatazama ngazini kuomba msaada.

"Akiwa wa kike," Bibi akasema bila kusita, akimwonyesha Chiriku kwa fimbo, "basi ni kama mimi na huyu. Unaogopa nini? Mimi nimeshalijaribu. Haling'ati."

Pini moja ilikuwa bado imesalia kwenye kona ya midomo ya mama mkwe. Akaitoa, akaichomeka kwenye kijimto cha mkononi. Kisha mwanamke yule mnyoofu akainama, akainama hadi uso wake ukawa sawa na tumbo la mkwe wake, na kwa sauti ya juu, ambayo ingeweza kusikika hadi mtaa wa nyuma, akalijenga neno lile tofali kwa tofali.

"Hujambo, mke mwenzangu," akasema. "Pazia lako nitalikata mimi mwenyewe. Na litafika chini."